Objektifu ndefu: ya zamani ao ya mupya?



Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mumoja wa Likasi. Jina lake hatutalitaja. Kazi yake ni kupiga picha: harusi, ubatizo, kipaimara, mechi ya vijana siku ya Mungu nyuma ya misa. Aparei yake ni Nikon D3000 ya okazio, ndiyo kusema ilikwisha kutumika kwa mutu mwengine. Anasema hivi: mu kanisa hawamuachi akaribie altare. Padri alikwisha kumugombeza mara mbili. Basi anataka objektifu ndefu, ile yenye kuvuta sura ya mutu kutoka mbali, tunayoiita zumu.

Ameona tatu. Ya kwanza ni ya muzee mumoja wa Lubumbashi mwenye kuacha kazi ya foto: Nikkor 80-200 f/2.8 ya aina ya D, nzito kama tofali. Ya pili iko ku magazini ya okazio: Nikkor AF-S 70-300 VR. Ya tatu ni shauri la rafiki yake. Huyo anamuambia: "Kaka, hapana kununua vitu vya bababu, ngojea upate ile mupya kabisa, AF-P ya 2017." Feza ya kijana haitoshi kwa ile ya muzee wala kwa ile ya rafiki. Lakini mwezi ujao zamu ya likelemba inafika kwa mama yake, mwenye kuuza unga na samaki ya kukauka. Kijana anauliza: ninunue gani, na nimuombe mama ile feza?

Mwanangu, barua yako iko na maulizo mawili. Tuanze na ile ya objektifu, maana ile ya mama itajibiwa nayo.

Kuingia si kufanya kazi

Neno la kwanza la kushika ni hili: objektifu kuingia ku aparei haiko sawa na kufanya kazi. Nikon walianza kinywa chao cha kufungia objektifu, kile kinaitwa F, mwaka 1959. Mwaka uleule Voigtländer walitoa Zoomar, zumu ya kwanza kwa aparei za pelikili ya milimetre 35. Tangu pale Nikon hawakubadilisha umbo la kinywa kile ku aparei zao za aina hiyo, hata D3000 yako ya 2009 iko nacho. Ndiyo maana mutu anachukua objektifu ya muzee, anaizungusha, inalia "tak", anafurahi. Furaha yake ingoje kwanza.

Kwa miaka mingi mupiga picha alikuwa anazungusha pete kwa mukono mupaka sura inakuwa wazi. Mwaka 1986 Nikon walitoa F-501, yenye motere ndani ya aparei. Motere ile inazungusha kijiti kidogo kama tournevisi, kijiti kinaingia mu objektifu na kuisukuma. Objektifu yenyewe haina motere. Ile 80-200 ya muzee, aina ya D iliyotoka mwaka 1992, ni ya ukoo huo.

Kisha mwaka 2006 Nikon walitoa D40. Ili iwe ndogo na ya bei nafuu, waliondoa motere ndani. D60 na D3000 zilifuata njia ileile. Kwa hivi ukifunga objektifu ya muzee ku D3000 yako, itaingia, na aparei itapima mwangaza vizuri. Lakini haitakamata sura yenyewe. Utazungusha pete kwa mukono, na kuangalia kataa kadogo ka kijani ndani ya viza kanakuambia "sasa iko wazi".

Utasema: mimi nitajifunza. Inawezekana. Bazee wetu walifanya hivyo miaka mingi. Lakini hesabu kwanza. Kwa 200 na f/2.8, mutu akiwa metre 5 mbele yako, sehemu yenye kuwa wazi ni karibu sentimetre 7 tu. Bibi-arusi akiinama kidogo kuvaa pete, jicho lake limetoka mu sentimetre zile. Wewe ungali unazungusha, na pete imekwisha kuvaliwa. Hawatairudia juu yako.

Sasa sikia juu ya ile mupya kabisa. Ile AF-P 70-300 ya 2017 iko na motere ya namna ingine, na diafragma yake inafunguliwa kwa umeme. D3000 haijui kusema na motere ile, na diafragma inaisukuma kwa kijiti cha chuma tu. Matokeo: haitakamata sura kabisa. Hata pete ya mukono haisaidii, maana pete ile nayo inapita kwa motere ya umeme. D40, D60, D80 na D90 ziko vilevile. Rafiki yako anakupenda, lakini angekupeleka kununua chuma na kioo ya kuweka ku kabati.

Basi unaona? Ya zamani sana inakuachia nusu ya kazi, ya mupya sana inakataa kazi yote. Ile ya katikati, AF-S 70-300 VR ya 2006, iko na motere ndani yake yenyewe na diafragma ya kijiti. Kwa D3000 inafanya kila kitu. Na kama kesho Mungu anakupa aparei za siku hizi zisizo na kioo ndani, zile za Nikon Z zilizoanza 2018, objektifu ile itafuata kupitia adaptateri FTZ, na itakamata sura. Ile ya muzee itaingia ku FTZ pia, lakini pale tena ni kwa mukono, maana adaptateri ile haina motere.

Kama uko na Canon, hesabu ni ingine. Mwaka 1987 Canon walikata kamba. Waliacha kinywa cha FD, wakaanza EF, na motere waliiweka ndani ya kila objektifu yao ya EF. Kwa hivi 70-200 f/2.8L ya 1995 inafanya kazi ku EOS za dijitali za kinywa EF. Lakini kumbuka: motere ya ndani ikikufa, objektifu inabaki bubu, na kwa zile za zamani vipande vya kutengeneza ni shida kupata. Na objektifu za kampuni ingine za wakati wa pelikili, mara nyingi zinaingia ku EOS ya dijitali, kisha aparei inaandika kosa na kukataa. Jaribu ku aparei yako wewe, hapana ku aparei ya muuzaji.

Mwangaza mu kanisa

Muzee wa Lubumbashi hakukuambia uongo aliposema objektifu yake ni nguvu. Ile f/2.8 ni mulango mukubwa wa mwangaza. Ile 70-300 ukiivuta mupaka mwisho inabaki na f/5.6. Kati ya 2.8 na 5.6, mwangaza unapungua mara 4. Pale muzee anapiga kwa 1/200 ya sekunde, wewe utapiga kwa 1/50. Na D3000 yako haipendi giza, ISO yake ya kawaida inaishia ku 1600.

Lakini VR, ile stabilizateri, haisaidii? Inasaidia, tena sana. Canon ndio walikuwa wa kwanza kuiweka mu objektifu ya kubadilisha, ku 75-300 IS ya mwaka 1995. Kazi yake ni hii: kioo kimoja cha ndani kinachezacheza kinyume cha mutetemeko wa mikono yako. Zamani kanuni ilikuwa: kama unapiga kwa 200, usishuke chini ya 1/200, la sivyo mikono itaharibu picha. Ukiwa na stabilizateri unaweza kushuka mupaka 1/50 ao chini kidogo.

Ila fahamu vema: stabilizateri inatuliza mikono yako, haitulizi mutu mwenye unamupiga. Askofu amesimama anasoma? 1/50 inatosha. Kwaya inacheza, watoto wa komunyo ya kwanza wanatembea, bibi-arusi anacheka na kugeuka? Kwa 1/50 sura zao zitakuwa kama moshi, hata stabilizateri iwe nzuri namna gani. Pale ndipo f/2.8 ya zamani inaipita f/5.6 ya mupya. Tusidharau vitu vya bazee.

Ufanye nini basi? Mambo matatu. Moja: hapana kuvuta mupaka 300 mu kanisa. Kwa D3000, 200 tu inaonekana kama 300 ya wakati wa pelikili, na hii 70-300 inachora vizuri zaidi kufikia 200 kuliko mwisho wake. Mbili: chagua dakika. Hata mwenye kucheza kuna nukta anatulia, mwisho wa hatua ao mwisho wa wimbo. Tatu: enda kuona padri mbele ya siku ya harusi. Muulize kwa heshima: "Baba, nisimame wapi?" Mapadri wengi wanakataa fotografe mwenye kutembea ovyo na flashi, hawakatai mwenye kusimama pahali pamoja. Ukipewa pahali ku nguzo ya mbele, objektifu fupi ya 50 f/1.8 ya aina ya AF-S, iliyotoka 2011, nyepesi na ya bei ndogo, itakupa mwangaza mwingi kupita hata ile ya muzee. Miguu yako na heshima yako ni zumu ya bure.

Ku uwanja wa mupira saa ya jua, pale 70-300 ni bibi wa nyumba. Mwangaza uko mwingi, 1/500 unapata bila shida, na uzito wake ni gramu 745. Ile ya muzee ni nzito kupita hiyo sana. Beba uzito ule dakika 90, kisha utembee mupaka kwenu, utaelewa namna gani muzee aliiweka chini.

Bowa na vumbi

Sasa neno la inchi yetu. Kwetu kuko majira mawili, na yote mawili ni adui wa objektifu. Wakati wa mvula tunakula bukari na bowa, tunamushukuru Mungu. Lakini kuko bowa ingine ndogo sana, inaota juu ya vioo vya ndani kama utando wa buibui. Inapenda giza na majimaji. Objektifu ya zamani yenye kukaa miaka mu sanduku chini ya kitanda ni shamba lake.

Mimi mwenye kuandika haya nilipata fundisho. Nilinunua objektifu ya okazio kwa haraka, magaribi, taa ndogo. Nikaenda nayo ku kipaimara. Picha zote mbele ya dirisha zilitoka nyeupe kama mutu alipuliza moshi. Wazazi walikuwa wamelipa nusu ya feza. Nilirudisha feza yao, tena nilirudisha na haya. Kosa halikuwa la muuzaji peke yake. Mimi sikuangalia.

Wakati wa kiangazi ni vumbi. Karibu na barabara ya makamio ya mine unaijua: asubuhi unafuta meza, saa sita unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Objektifu yenye kurefuka ukiivuta, kama hii 70-300, inavuta hewa ndani kama pompo, na vumbi linafuata. Ifunge mu sakoshi, ivute polepole, usibadilishe objektifu pa barabara. Mu mvula, usiiache mu sakoshi ya giza mwezi muzima. Itoe, itumie, uipe mwangaza na hewa kavu.

Kwa hivi mbele ya kulipa, fanya hivi, mbele ya macho ya muuzaji:

1. Enda muchana na toshi. Fungua vifuniko vyote viwili, pitisha mwangaza ndani, angalia kutoka nyuma. Chembe mbili tatu za vumbi si kitu. Utando, alama kama mizizi, ao wingu: acha.

2. Kwa Nikon yenye kijiti cha diafragma nyuma, sukuma kijiti na kidole, kiache. Majani ya diafragma yafunguke na kufunga mbio. Yakichelewa, ao yakiwa na mafuta, acha.

3. Angalia vise. Zikiwa na mikwaruzo, mutu alikwisha kuifungua. Uliza nani na juu ya nini.

4. Ifunge ku aparei yako wewe. Piga kitu cha mbali kwa 70, kwa 135, kwa 200, diafragma wazi. Kuza picha nyuma ya aparei, angalia katikati na pembeni.

5. Bonyeza nusu, angalia ndani ya viza. Kama stabilizateri iko muzima, sura itatulia kama mutu aliweka mukono juu yake. Ikirukaruka ao ikilia kwa nguvu, acha.

Muuzaji mwenye kukataa haya, mushukuru, uende zako.

Sasa feza ya mama

Mwanangu, unajua likelemba ni nini. Mama yako alitoa feza kila zamu, na pengine siku ingine mulikula kidogo ili atoe. Zamu yake ikifika, ile si feza yenye kulala. Ni gunia za unga, ni minerval ya wadogo wako, ni dawa. Na akiharibu mutaji wake, zamu ya wengine ikifika atatoa nini? Deni lako litakuwa haya yake mbele ya wamama wenzake.

Mu Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anasema juu ya mutu mwenye kutaka kujenga munara. Anakaa kwanza, anahesabu kama ataweza kumaliza. Ukae basi wewe na daftari. Tuseme, kwa mufano tu, objektifu inauzwa dolari 300, na harusi moja, ukiondoa transporti, kuchapa picha na chakula, inakuachia dolari 15. Ni harusi 20 kwa kulipa objektifu peke yake. Uko na harusi ngapi kwa mwezi? Mu Kwaresima je? Andika hesabu zako za kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena ujiulize: objektifu hii itaniletea kazi gani yenye sikupata mbele? Leo kila mugeni ku harusi iko na telefone, na telefone inapiga picha nzuri za karibu. Lakini kutoka benchi la kumi, telefone nyingi zinatoa sura ya bibi-arusi kama chembe ya muhindi. Pale ndipo watu watakulipa. Basi sikatai objektifu ndefu. Ni chombo cha kazi kama vile panda kwa mwashi.

Jibu letu ni hili. Ya muzee, iache, si juu ya uzee wake, ni juu aparei yako haina motere. Jirani yako mwenye D90, yenye motere ndani, umuambie: kwake ile 80-200 inaweza kuwa baraka, kama haina bowa. Ya 2017, iache, mupaka siku utapata aparei yenye kuielewa. Nunua ile ya katikati, 70-300 VR, baada ya kuijaribu. Uinunue na feza yako wewe, hata kama ni nyuma ya miezi mine ao sita. Wakati unangojea, muombe fotografe mwenye nayo akukodishe siku moja kwa harusi kubwa. Utajua kama inafaa kazi yako, na pengine itaanza kujilipa mbele ya kuinunua.

Na mama? Usimuombe zamu yake. Muombe kitu kingine: akushikie feza yako. Kila harusi umupe sehemu, aiweke, mukaandike pamoja mu daftari moja. Siku objektifu itafika mu nyumba, yeye ndiye upige picha ya kwanza, amekaa ku meza yake ya unga sokoni, wewe uko mbali ng'ambo ya barabara, yeye hajui. Uichape, umupe. Kisha utuandikie, utuambie alisema nini.

Na ninyi wazazi wenye kusoma ukurasa huu: mutoto akija na maombi ya chombo cha kazi, musiseme "hapana" tu, wala musiseme "kamata". Muambieni alete hesabu.

Mupaka mwezi ujao, Mungu akipenda.